Taa ya Bunduki



Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, ina Mapori ya Akiba ya Kizigo na Muhesi. Mwenye nyumba wa huko aliye na bunduki ya marisau kwa kibali huweza kuamshwa usiku na kishindo uani. Je, ni fisi, ni mwizi, au ni mtoto wake aliyetoka nje? Giza halimwambii. Basi taa hutangulia risasi.

Kuchagua. Taa iwe ya mwanga mweupe, mpana wa kutosha kuonyesha uso na mikono ya mtu. Iwe imara, kwani mshindo wa bunduki huizima kurunzi dhaifu.

Kufunga. Kwanza toa risasi zote, ukague mara mbili. Funga taa upande wa mbele kwa kibano cha chuma na skrubu, si kwa kamba. Swichi ifikiwe na mkono ulioshika mbele, si kwa kidole cha kufyatulia. Tia alama ya rangi kwenye skrubu; ikihama, imelegea.

Lakini tukumbuke: taa hiyo humulika pale tu mtutu unapoelekea. Kumtazama mtu kwayo ni kumwelekezea bunduki. Kwa hiyo kurunzi ya mkononi ndiyo ya kutafutia.

Nasi tunaolinda karafuu zetu usiku, hata kwa rungu tu, tushike somo hilo: tumulike, tuite, tutambue, ndipo tuamue. Pigo likishatoka halirudi, na aliye gizani huenda akawa jirani.