Kichocho cha Pemba na Kazi ya Majirani

Yako maradhi ambayo mtu aweza kuyatibu nyumbani kwake asimwambie jirani, na yako maradhi yasiyotoka mpaka majirani wamekubaliana. Kichocho ni miongoni mwa haya ya pili. Mambo yaliyofanyika kisiwani Pemba tangu mwaka 2012 yafaa yajulikane na kila mzazi wa nchi hii, awe anakaa pwani au kando ya Ziwa Viktoria, ambako kichocho cha tumbo chawasumbua wengi.

Kwanza tueleze jinsi maradhi haya yanavyosafiri, kwani asiyejua njia ya adui hawezi kuiziba. Minyoo ya kichocho cha Pemba hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo. Mayai yake hutoka pamoja na mkojo. Yakiangukia maji yasiyo ya chumvi huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo humwingia konokono mdogo wa majini, wakazaana ndani yake kwa wingi sana. Kisha hutoka tena majini, hasa jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile watoto wanapopenda kuogelea. Huchukua dakika chache tu kupenya ngozi ya mtu. Baada ya majuma kadhaa mkojo huonyesha damu. Katika sehemu nyingi za Afrika damu hiyo ilidhaniwa kuwa dalili ya mvulana kukua, na hivyo hakuna aliyehangaika. Kumbe ikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, huweza kuleta saratani, na huwaumiza wanawake katika viungo vya uzazi.

Basi mtoto mmoja akojoaye mtoni aweza kuwadhuru, pasipo kukusudia, watoto wa nyumba zote zitumiazo mto ule.

Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mvua nyingi, vijito, vidimbwi na mashamba ya mpunga. Katika miaka ya 1980 shuleni humo watoto wapatao nusu walikuwa na kichocho. Dawa iitwayo prazikwanteli ililetwa, nayo ni dawa njema: huua minyoo iliyokwisha komaa. Lakini haimkingi mtu. Aliyemeza vidonge leo akarudi mtoni baadaye aweza kuambukizwa upya.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2012 hata 2017, Serikali ya Zanzibar pamoja na wataalamu wa nchi mbalimbali walifanya jaribio kubwa katika shehia 45 za Pemba na 45 za Unguja. (Shehia ni mtaa au kijiji chini ya sheha wake.) Watu wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika theluthi moja ya shehia hizo dawa ilitolewa peke yake. Katika theluthi ya pili konokono nao waliuawa kwa dawa ya kunyunyiza majini. Katika theluthi ya tatu wenyeji waliombwa kubadili desturi zao.

Twapenda kukaa kidogo juu ya hii theluthi ya tatu. Wataalamu hawakuja na mabango ya makatazo tu. Waliketi na wazazi, masheha, walimu wa shule na wa madrasa, hata na watoto wenyewe, wakatafuta kwa pamoja kwa nini watu huingia mtoni. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: nguo hazina budi kufuliwa, joto ni kali, watoto hawana mahali pengine pa kuchezea maji, na choo ki mbali. Hapo ndipo mipango ilipotungwa pamoja na wenyeji: sakafu za saruji za kufulia nje ya mto, vyoo vya haja ndogo karibu na maji, michezo ya nchi kavu, na masomo ya shule ambayo mtoto ayafuata kwa kuona na kutenda, si kwa kukariri. Twaona hekima katika jambo hili. Kumwambia mama asifue mtoni pasipo kumwonyesha mahali pengine pa kufulia ni kumlaumu tu.

Matokeo yalikuwaje? Kichocho kilipungua sana, hata walioambukizwa vikali wakawa wachache mno katika shehia nyingi. Lakini hakikutoweka, wala shehia za theluthi ya tatu hazikuonekana wazi kuzishinda zile zilizopewa dawa peke yake. Yatupasa kusema hivyo bila kuficha. Je, kazi ya wenyeji ilikuwa bure? Hatudhani hivyo. Miaka mitano ni muda mfupi kwa desturi iliyorithiwa. Watu nao hawasimami kwenye mpaka wa shehia yao, bali huvuka kwenda kwenye mto ulio karibu. Tena sakafu ya kufulia isiyo na maji ni saruji kavu tu, na bomba likiharibika lazima awepo mtu anayejua kuwa ni kazi yake kulitengeneza.

Tangu 2020 hata 2024 kazi iliendelea katika shehia 20 za kaskazini mwa Pemba, kwa namna nyingine. Penye wagonjwa wengi watu wote walipewa dawa, konokono wakauawa, na mafundisho yakatolewa. Penye wachache, watoto walipimwa shuleni. Aliyeonekana na kichocho alitibiwa, kisha wapimaji wakafuata hadi nyumbani kwake, wakapima jamaa na majirani, na kuyachunguza maji anayoyaendea. Hebu fikirini, enyi wazazi, kazi hiyo yadai nini. Yadai mtoto ataje mto anaoogelea bila kuogopa kiboko. Yadai jirani akubali kupimwa kwa sababu ya mtoto asiye wake, wala asimnyooshee kidole mama yake.

Naye mama alimaye mpunga bondeni hana sakafu ya saruji itakayomfaa, maana shamba lake ndilo maji yenyewe. Huyo bado atahitaji dawa kwa wakati wake, na watu wa kumfikishia huko huko bondeni.