Katika Kuchagua Uti wa Mshale wa Kuwindia

Amma baad. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mshale ni vitu vinne: chembe kilicho mbele, uti, manyoya, na pengo la kutilia upote. Watu wengi hushughulika na chembe, wakakinoa hata kikang'aa, na uti wakauokota popote. Wamesahau ya kuwa chembe hakina njia yake. Huenda kule kinakopelekwa na uti.

Na jambo hili lina mlango wake katika sharia. Adi bin Hatim, Mungu amwie radhi, alimwuliza Mtume (s.a.w.) khabari za kuwinda kwa miradhi, ambayo wengi katika wajuzi wa lugha wameieleza kuwa ni mshale usio na manyoya, nao aghlabu hupiga kwa ubavu. Maana ya jawabu, kama walivyoipokea Bukhari na Muslim, ni kuwa mnyama aliyetobolewa kwa ncha huliwa, na aliyekufa kwa kupigwa na ubavu wa mshale haliwi, kwani huyo ameuawa kwa pigo. Na aliyeuawa kwa pigo ametajwa miongoni mwa vilivyoharimishwa katika Suratul Maida, aya ya 3. Basi fikiri: mwindaji amekwisha taja jina la Mungu, na upinde wake ni mwema, lakini uti uliopotoka waweza kumfanya mnyama kuwa mzoga, ila awahiwe yu hai achinjwe. Kwa hivyo kuchagua uti si pambo la mchezo. Yatazamwe mambo manne.

La kwanza ni nyuzi za mti. Uti mwema nyuzi zake hutoka mwisho mmoja hata wa pili bila ya kukatika ubavuni. Ndiyo sababu mti uliopasuliwa hupita uliokatwa kwa msumeno, kwani mpasuko hufuata nyuzi, na msumeno haujali. Na chipukizi lililonyoka lenyewe ni jema pia. Mwaka 1991 ilionekana katika barafu ya milima ya Alps maiti ya mtu wa zamani, aliyekufa yapata miaka 5,000 na zaidi, na katika podo lake mna mishale 14, ambayo 12 haijakwisha kutengenezwa. Nyuti zake ni za chipukizi za kichaka. Uti ambao nyuzi zake zimekatika huvunjika kwa mshazari wakati wa kuachiwa, na kipande chake chaweza kuuchoma mkono ulioshika upinde.

La pili ni ugumu wa kadiri. Upote usukumapo mshale kwa nyuma, uti hupindika kidogo ukauzunguka upinde, kisha ukanyoka. Ukiwa laini mno hupindika kupita kiasi. Ukiwa mgumu mno hugonga upinde ukaenda upande. Upinde wenye nguvu wataka uti mgumu. Na uti mrefu, au wenye chembe kizito, hupindika zaidi. Kwa hivyo mishale ya podo moja na ifanane.

La tatu ni uzito. Mshale mwepesi huenda mbali. Mzito huenda polepole, lakini huingia ndani zaidi, na mnyama hateseki. Waturuki waliokuwa wakishindana kwa umbali katika uwanja wa Okmeydanı, Istanbul, walitumia msunobari, wakauchonga mwembamba ncha zote mbili na mnene katikati. Huo ni wa mashindano. Wa kuwindia wataka uzito. Na mshale mwepesi mno huudhuru upinde, kwani nguvu isiyochukuliwa na mshale huurudia upinde wenyewe.

La nne ni kudumu. Kata wakati wa kiangazi, funga matita, tundika kivulini kwa miezi. Jua kali hupasua. Uliopinda upashe moto juu ya makaa, uunyoshe kwa mkono, uushike hata upoe. Upake mafuta, kwani umande wa pwani huupinda tena. Zungusha uzi wa kano nyuma ya chembe na mbele ya pengo, ili usipasuke. Wenye kutumia matete, kama Wamisri wa kale, walitia kipande cha mti mgumu mbele, kwani tete jepesi haliwezi pigo.

Na kila mshale uliogonga jiwe au mti, uzungushe juu ya ubao uone kama umenyoka. Kisha uupinde taratibu pande zote, sikio karibu. Ukisikia mlio, uvunje mwenyewe, wala usiuhurumie.

Wala usiende mwituni kinyume cha sheria. Katika Kenya uwindaji umekatazwa tangu mwaka 1977, na katika Tanzania hauruhusiwi ila kwa kibali. Asiye na ruhusa na alenge shabaha. Na uti wa shabaha nao wataka uangalizi uo huo, kwani mkono wa mtu ni ule ule. Na mwenye kuwachongea wengine na akague kila uti kama kwamba yeye ndiye atakayeula mnyama atakayepigwa nao.

Wallahu aalam.