Kichocheo cha Umeme na Maumivu Sugu ya Goti na Kiuno

Mgonjwa aliyesagika magoti, au mwenye maumivu ya kiuno yaliyopita miezi 3, hupelekwa mara nyingi kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huko hubandikwa vibandiko juu ya ngozi, vikaunganishwa kwa nyaya na mashine ndogo ya betri. Hulala dakika 30 akisikia mtekenyo, maumivu yakapungua, akarejea nyumbani. Wiki inayofuata huanza upya. Wapo waendao hivyo kwa miezi, wakilipia kila mara, wakiamini kwamba goti linatengenezwa.

Mashine hiyo haitengenezi gegedu. Kazi yake imo katika mfumo wa fahamu. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna mfano wa lango: neva nene za mguso zikichangamshwa, taarifa za maumivu ziletwazo na neva nyembamba hupungua kabla ya kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana aliyejigonga husugua panapouma bila kufundishwa na mtu. Umeme hafifu, aghalabu wa mapigo 50 hadi 100 kwa sekunde, hufanya kazi ya mkono huo.

Kosa linalorudiwa mno ni kuogopa kuongeza nguvu. Mtekenyo unapaswa kuwa mkali lakini usiouma. Ukififia kwa mazoea, nguvu iongezwe kidogo. Mtekenyo usiosikika sawasawa hausaidii kitu.

Hata ukitumiwa vizuri, nafuu yake hupatikana zaidi wakati mashine inafanya kazi na muda mfupi baadaye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halikupendekeza tiba hii itumike kama kawaida. Hivyo, ikiwa itatumika, muda wa nafuu usipotezwe kitandani: mgonjwa aketi na kuinuka kitini, atembee, aimarishe misuli ya paja, hata vibandiko vikiwa bado mwilini.

Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiitumie bila idhini ya daktari wake wa moyo. Vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, juu ya tumbo la mjamzito, kwenye kidonda, wala penye ganzi, kama miguu ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, mashine iwekwe kando. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.