Nguzo Hufia Kifundoni

Nguzo ya kona mtaani kwetu, hapa Tanga, ilianguka mwezi wa saba, kusi ikiwa imeshika. Asubuhi tuliikuta imelalia ukuta wa jirani, na kwa kuitazama ungesema nzima: rangi ya fedha inang'aa, mkono wa taa haujapinda, paneli ya sola imepasuka pembeni tu. Ilikatika mahali pamoja, upana wa kiganja, pale bomba lilipotokeza ardhini. Fundi aligusa kipande kilichobaki kwenye shimo, kidole kikapenya.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nguzo gani inunuliwe kwa michango ya mtaa, namwambia aanze kuitazama kifundoni. Upepo ukisukuma juu, urefu wote wa nguzo hugeuka mtaimbo, na nguvu yake kubwa kabisa huishia pale usawa wa ardhi. Hapohapo ndipo hewa na unyevu vinapokutana. Juu kuna hewa lakini hukauka upesi. Mita moja chini kuna unyevu lakini hewa ni haba. Kutu hutaka vyote viwili, na kuvu wanaoozesha mti hutaka vilevile. Ongeza chumvi ya pwani. Ongeza na mbwa: mwaka 2021 nguzo ya taa za kuongozea magari ilianguka katika mji wa Suzuka, Japani, na polisi waliochunguza wakataja mkojo wa mbwa kuwa ndio uliochangia kukila chuma.

Chuma ndicho utakachouziwa mara nyingi. Kuna kilichopakwa rangi, na kuna kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi. Rangi hulinda nje tu. Zinki huingia mpaka ndani ya bomba, ambako brashi haifiki na ambako umande hujikusanya kila usiku. Muuzaji atakwambia ni galvanaizi hata kama amepuliza rangi ya fedha jana yake. Usibishane naye, washa tochi ya simu uchungulie ndani ya bomba. Ukiona wekundu wa kutu au weusi wa chuma kitupu, umeshajibiwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka tabaka la zinki lenye wastani wa maikroni 70 kwa chuma chenye unene wa milimita 3 hadi 6, na 85 kwa kinene zaidi. Kila tundu na kila weldingi vimalizwe kabla ya kuchovya. Fundi anayekuja na drili mtaani kutoboa nguzo iliyokwisha kuchovywa anaitengenezea kutu njia ya kuingilia, na akishatoboa lazima apake pale rangi yenye zinki nyingi.

Mti usiudharau. Nguzo za mikaratusi na misindano zinazotoka Iringa na Njombe, zikiwa zimesukumiwa dawa kwa presha, huvumilia mvua na mchwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba dawa huingia sehemu ya nje ya mti; kiini huipokea kwa shida. Kwa hiyo mwiko wa kwanza: usikate kitako cha nguzo ili ienee kwenye shimo fupi. Ukikata umewafungulia mchwa mlango wa kiini. Kama ni ndefu mno, kata juu, kisha paka dawa pale ulipokata. Na nguzo kuukuu isiende jikoni hata kidogo. Dawa inayoipa nguzo rangi ya kijani kwa kawaida ina aseniki, sumu ambayo moto hauiondoi, na jivu lake ni hatari.

Nguzo ya zege hailiwi na mchwa wala haiibwi kuuzwa chuma chakavu, ila ni nzito. Bila kreni haisimami, na kreni haipiti kwenye vichochoro vyetu. Ikataa yenye ufa unaoonekana au nondo iliyochungulia. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Faibaglasi ni nyepesi na haishiki kutu, lakini inataka rangi ya kuikinga na jua.

Sasa shimo. Kanuni ya mafundi wengi ni hii: chukua sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, ongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 8 inazama mita 1.4, ya mita 10 inazama mita 1.6. Kwenye mchanga wa pwani usiishie hapo, zungushia zege. Ukijaza udongo, jaza sentimita 15, shindilia, ndipo ujaze tena; udongo uliomwagwa kwa pamoja na kukanyagwa juu kwa viatu hautashika kitu. Timazi ipimwe pande mbili zinazokingamana, maana nguzo huweza kunyooka ukiitazama kutoka barabarani na kumbe imelalia dukani. Nguzo ya chuma inayozikwa ipakwe lami sentimita 30 juu na 30 chini ya usawa wa ardhi, na zege ya kuizunguka iwe na mteremko wa kumwaga maji nje. Yetu ilikuwa na kisahani, maji yanatuama.

Kama nguzo ina bamba la kufungia bolti, pande la zege la sentimita 60 kwa 60, kina cha sentimita 120, lina uzito wa zaidi ya tani moja, na kwa nguzo fupi ya mtaani kwenye udongo mgumu kwa kawaida linatosha. Bolti zishikwe na kigezo cha mbao chenye matundu yaleyale ya bamba, la sivyo utazipiga nyundo zege ikiwa imekauka. Bomba la kupitishia waya liwekwe kabla ya kumwaga. Hili husahauliwa kuliko yote. Mwagilia zege maji kwa siku 7 ndipo usimamishe.

Siku ya kusimamisha, tazama juu kwanza. Nguzo ya chuma ikigusa waya wa umeme mkubwa huua walioishika. Paneli nayo ni tanga la jahazi, hivyo mwambie muuzaji ukubwa wake kabla hujachagua unene wa nguzo. Huku kusini mwa ikweta ielekee kaskazini, ilale walau nyuzi 10 ili mvua iioshe. Kimlango cha waya kiwe upande usiotazamana na magari yanayokuja, fundi aweze kuyaona akiwa anafanya kazi.

Kila mwaka, baada ya masika, tunafukua sentimita 30 kuzunguka kila nguzo na kugonga kwa nyundo. Mti mzima hujibu kwa mlio mkavu. Uliooza hujibu kama boga. Chuma tunakikwangua mpaka tuone zinki. Anayeshika nyundo ni yule jirani ambaye ukuta wake uliangukiwa na nguzo, na huanza na nguzo iliyo karibu na kwake.