Hesabu ya Minara ya Simu

Wenzangu watokao wilaya za mbali huniuliza: "Mbona Kampala mna simu ya kizazi cha tano, na sisi kwetu hata kusema tu mpaka tupande kilima?" Swali hili ni la haki, na sehemu kubwa ya jibu lake imo katika hesabu tuliyofundishwa darasani.

Kwanza yafaa tujue tulikotoka. Simu za mkononi zilianza Uganda mwaka 1995 kwa kampuni ya Celtel, na MTN ikafuata mwaka 1998. Mawimbi ya megahezi 900, yaliyotumika sana kwa simu za siku zile, yana urefu wa sentimita 33 hivi, yaani kupita rula yako kidogo. Mawimbi kama hayo huenda mbali. Kizazi cha tano kilifunguliwa Kampala mwaka 2023 na MTN na Airtel. Katika nchi nyingi kizazi hiki hutumia mawimbi ya megahezi 3,500 hivi, ambayo urefu wake haufiki hata sentimita 9. Haya hubeba habari nyingi, lakini hudhoofika upesi, na ukuta wa matofali huyapunguza nguvu.

Tena watu ni wengi. Mnara ni kama bomba la maji: wakija kumi na majerikeni yao, kila mtu huteka upesi, wakija elfu, foleni haina mwisho. Dawa ni kuongeza mabomba, yaani vituo vidogo vingi vilivyokaribiana.

Haya, shika kalamu. Jiji la Kampala lina eneo la kilomita za mraba 189. Tuseme mnara mmoja wafika kilomita 2 kila upande. Eneo la duara lake ni 22/7 × 2 × 2, yaani 12.57. Gawa 189 kwa 12.57: wapata minara 15. Sasa tuseme kituo chafika nusu kilomita tu. Eneo lake ni 0.786, na jibu ni vituo 240! Umbali umepungua mara nne, lakini vituo vimeongezeka mara kumi na sita. Na hapo sijahesabu kwamba maduara hupandana, wala vilima na mabonde yetu.

Kila kituo kina gharama zake: mitambo inunuliwayo ng'ambo kwa fedha za kigeni, umeme na betri, kodi ya mahali, na waya wa nyuzi za kioo. Kuchimba mtaro wa waya huo mara nyingi hugharimu kuliko waya wenyewe. Mwisho wa yote, alipaye ni mnunuzi wa vocha.

Je, hakuna njia? Iko, nayo ni kushirikiana. Mwaka 2012 minara ya MTN Uganda ilihamia katika kampuni iliyoundwa pamoja na American Tower. Ile ya Airtel ilinunuliwa na Eaton Towers, ambayo nayo American Tower iliinunua mwisho wa mwaka 2019. Hivyo mlingoti mmoja waweza kubeba mitambo ya makampuni kadhaa, na kodi ikagawanywa.

Kwa maoni yangu, vituo vya kusongamana vifae Owino, Nakasero na Wandegeya, penye watu tele wa kurudisha gharama. Karamoja yahitaji kwanza mnara mrefu wenye mawimbi yafikayo mbali. Tume ya Mawasiliano ya Uganda ina mfuko, ulioanza mwaka 2003, wa kupeleka mawasiliano mahali pasipo na faida kwa mfanyabiashara. Fedha za mfuko huo zitangulie huko, kwa maana mgonjwa asiyeweza kumpigia mganga hana haja na sinema ya haraka.

Zoezi:
1. Ikiwa kituo chafika mita 250 tu, Kampala itahitaji vituo vingapi?
2. Makampuni mawili yakijenga kila moja vyake, ni vingapi? Yakishirikiana, je?