Kamera Ndogo Kwenye Darubini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

USIIELEKEZE darubini kwenye Jua bila kichujio cha jua kilichofungwa imara kwenye mdomo wake wa mbele. Mbele, si nyuma. Vile vichujio vidogo vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, na retina huungua bila maumivu yoyote ya kukuonya. Ukiwa navyo, vitupe leo. Funika pia kidarubini cha kulengea, maana watoto huchungulia kila tundu. Jua likipatwa kipete, kama lilivyopatwa Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, kichujio hakitoki hata kidogo: ile pete nyembamba inatosha kupofusha. Tarehe 2 Agosti 2027 Kenya itaona Jua likipatwa sehemu tu. Siku hiyo pia, kichujio hakitoki.

USISHIKE kamera kwa mkono. Darubini inayokuza mara 50 inakuza na mtetemo wa mkono wako mara 50. Ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu au kwenye kishikio kinachobana lenzi ya jicho, weka taima ya sekunde 10, ondoa kidole, usitembee. Nilipoteza usiku mzima wa Zohali kwa kubonyeza kwa kidole. Kila picha ilitoka kama yai lililopasuka.

ZIMA flashi. Haifiki Mwezini.

REKEBISHA darubini kwa jicho lako kwanza, na kama unavaa miwani usiivue. Kisha weka kamera kwenye alama ya mlima, ile ya vitu vya mbali. Ukiiacha ijitafutie yenyewe gizani, itahangaika na kukupa ukungu.

Anza na lenzi ya jicho ya milimita 25, isiyokuza sana. Ukiona duara jeusi pembeni, vuta zumu ya lenzi kidogo hadi litoweke. Zumu ya kidijitali usiiguse: haiongezi chochote, inatanua tu kilichopo.

USISUBIRI mwezi wa kumi na nne. Ni mzuri kwa macho, lakini Jua linaumulika usoni moja kwa moja na vivuli hupotea. Piga mwezi wa siku saba hadi tisa, kwenye mstari unaotenga mwanga na giza. Hapo milima husimama, na karibu siku ya tisa shimo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93, huonekana hadi ngazi za kuta zake. Anza na ISO 100 na 1/125 ya sekunde. Uso ukiwa mweupe mtupu, punguza muda.

Mshtarii una ukali wake. Ukitaka mikanda yake, piga kwa muda mfupi. Ukitaka miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, ongeza muda na ukubali sayari igeuke doa jeupe. Usidai vyote katika picha moja. Ngoja ipande juu, ambako hewa ni nyembamba. Sisi wa karibu na ikweta tumejaliwa sayari zinazopita karibu na utosi.

TOA darubini nje nusu saa kabla, ipoe. Pwani, umande ukiingia kwenye kioo, USIUFUTE kwa pindo la kanga wala shati. Ipepee, ngoja ikauke.

USIFUTE picha gizani. Kioo kidogo cha kamera hudanganya. Piga hamsini, andika saa na lenzi uliyotumia, uzichambue asubuhi kwenye kompyuta.