Elfu Kumi "Tu": Alama Tunazozibeba Bila Kujua



Kijana mwenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji, katika parokia moja kando ya ziwa, nilipewa kazi ya kuandaa mafungo ya vijana ya siku moja. Nikaandika tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp: mchango ni elfu kumi tu, nauli kila mtu ajitegemee, na kuhusu Biblia, ile ya kwenye simu inatosha. Nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya mafungo binti mmoja hakuja. Huyu alikuwa wa kwanza kufika kwenye mazoezi ya kwaya na wa mwisho kuondoka. Baada ya hapo hata kwaya akaacha.

Wiki kadhaa baadaye nikamkuta Mwaloni, Kirumba, akimsaidia mama yake kuuza dagaa. Tukasalimiana, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila hasira: "Frateri, taarifa niliipata kwa mwenzangu, maana mimi simu yangu ni kitochi. Elfu kumi sikuwa nayo. Lakini hiyo sio shida, ningeweza kuomba nisaidiwe. Ila wewe ulisema 'tu'. Nikajua hayo mafungo ni ya watu wengine."

Neno lenye herufi mbili! Sikumtukana wala sikumfukuza. Lakini lile neno lilimwambia mimi nimezoea maisha gani, na likamwambia kwamba yeye sikumfikiria kabisa.

Vitu vinaongea hata tukinyamaza

Jaribu kuangalia hapa Mwanza. Samaki peke yake anatosha kueleza nani ni nani. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na baadaye viwanda vya minofu vikajengwa. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa na vichwa, yaani mapanki, vinabaki vikikaangwa na kuuzwa kwa wenye kipato kidogo. Mtoto akisema shuleni "jana tulikula mapanki", wenzake wanacheka. Yeye alikuwa anasimulia tu chakula cha jana, kumbe ametaja na uwezo wa nyumba yao.

Viko vingine vingi. Nguo zinazonuka moshi wa mkaa wakati kwa mwenzako wanapikia gesi. Viatu vyenye vumbi vya mtu aliyeshuka kwa miguu kutoka kwenye miamba ya Mabatini, na viatu visafi vya aliyeshushwa na gari kutoka Capri Point. Kubipu badala ya kupiga. Kusema "vyombo acha, dada ataosha". Kuchanganya Kiingereza kila sentensi, au Kisukuma kupenya kwenye Kiswahili chako. Hata ule utani wetu wa kusema "mimi nimesoma Saint Kayumba": tunacheka, lakini tayari tumeshajigawa, waliosoma shule za serikali huku na wa shule za kulipia kule.

Hakuna dhambi katika hayo yote. Gesi sio dhambi, mkaa sio dhambi. Swali ni moja: alama hizi zinatufanyia nini tukikaa pamoja mbele ya Mungu?

Neno la Mungu linasemaje?

Kwanza, Familia Takatifu. Soma Luka 2:22-24. Maria na Yosefu wanampeleka Mtoto Yesu hekaluni, na sadaka inayotajwa pale ni ya ndege wawili. Sasa fungua Walawi 12:8. Sheria iliagiza mwanakondoo, ila mama asiye na uwezo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Kwa hiyo aliyewaona wakipita na ndege zao angeweza kujua hali yao. Mama wa Mungu alibeba alama ya umaskini wake mikononi, hadharani, na Injili haikuificha.

Pili, Petro, mvuvi wa ziwa kama wavuvi wetu. Usiku ule katika ua wa kuhani mkuu, lafudhi yake ndiyo iliyomtambulisha kuwa Mgalilaya (Mt 26:73). Alipobanwa, akaapa kwamba hamjui Yesu. Mtu akiogopa kutambulika anatoka wapi, anaweza kukana hata kile anachokipenda kuliko vyote. Wangapi kati yetu wamewahi kumkana mama yao muuza dagaa mbele ya wenzao wa chuo?

Tatu, Wakorinto (1 Kor 11:17-34). Waamini walikutana nyumbani kwa mtu kwa ajili ya chakula cha Bwana. Wenye nafasi wakaanza kula vyao mapema. Wengine wakabaki na njaa, na wenzao wamekwisha kulewa. Inawezekana kabisa wale wenye nafasi hawakukusudia kumdhalilisha mtu. Walikula tu kama walivyozoea kula nyumbani kwao. Lakini Paulo hawaachii. Anawaambia kwamba wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu, na dawa anayowapa ni nyepesi kusema, ngumu kutenda: wasubiriane.

Hapo ndipo nilipojiona mimi na "tu" yangu. Nilianza kula kabla wengine hawajafika.

Mazoea yanaweza kubadilika

Kwenye falsafa tulimsoma Pierre Bourdieu, mwanazuoni wa Ufaransa, mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1979 alionyesha kwamba hata vitu tunavyodhani ni chaguo letu binafsi, kama chakula, muziki, samani na namna ya kuongea, kwa sehemu kubwa tumevirithi kutoka tabaka tulilokulia. Mazoea hayo aliyaita kwa neno la Kilatini, habitus.

Neno hilo sisi Wakatoliki tulikuwa nalo zamani. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alilitumia kufundisha kuhusu fadhila: ukirudia tendo jema linazama ndani yako mpaka linakuwa jepesi. Kwa hiyo hatujafungwa na mazoea ya nyumbani. Jicho la kumwona aliyeachwa nje nalo linajifunzwa, tendo kwa tendo.

Tufanye nini basi?

1. Chunga neno "tu". Ukitangaza mchango, taja kiasi, kisha sema wazi kwamba asiye nacho aje hivyo hivyo, na mtaje mtu mmoja wa kuonana naye kwa siri.

2. Tangazo lisiishie WhatsApp. Lisomwe kanisani na kwenye jumuiya, na asiye na simu janja atumiwe meseji ya kawaida au afuatwe nyumbani.

3. Sala ya jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba moja ikitoa soda na keki, inayofuata inaanza kutafuta udhuru. Kubalianeni: maji ya kunywa yanatosha, na mkeka ni kiti.

4. Kama unacho, usiigize umaskini. Kuvaa yeboyebo siku ya vijana ili uonekane wa kawaida ni uongo mwingine, na watu wanaujua. Tumia ulichonacho kumsogeza mwingine mezani.

5. Kama huna, usijikane. Kumbuka wale ndege wawili hekaluni. Sisemi kwamba njaa ni nzuri. Umaskini unaomwonea mtu lazima tupambane nao. Nasema kwamba aibu ile sio yako kuibeba.

Maswali ya kujichunguza

- Ni nani aliacha kuja kwenye kundi letu kimyakimya, na hakuna aliyeuliza?
- Ni kitu gani cha nyumbani kwetu huwa nakificha, au huwa nahakikisha kinaonekana?
- Mara ya mwisho kucheka lafudhi au chakula cha mtu ilikuwa lini?

Yule binti nilimwomba msamaha pale pale Mwaloni, mama yake akisikia. Mama akaniambia, "Yameisha, baba," akanifungia dagaa kwenye gazeti, akakataa hela yangu. Kwaya binti alirudi baada ya miezi michache. Yale mafungo yalishampita, na mimi ndiye niliyeyafanya yampite.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyeletwa hekaluni na sadaka ya maskini, utusamehe pale tulipowafungia wenzetu mlango bila kujua. Utupe macho ya kuwaona, subira ya kuwangojea, na moyo wa kukaa nao meza moja. Amina.

Wiki hii mtafute mmoja aliyepotea kwenye kundi lenu. Usimwambie arudi. Muulize kwanza ilikuwaje, kisha umsikilize.